Sifa za Kichupo Chembamba

Nzi alipata msifu wake, Lucian wa Samosata, katika karne ya 2, na upumbavu ukapata wake, Erasmus, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1511. Lakini kichupo, ambacho kimewatumikia watu wa Umoja, Kayole na Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kwa uaminifu usio na shukrani, hakijapata hata mtu wa kukiombea dua. Kichupo ni kile kipande kilicho juu ya dirisha la kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ambacho hubeba aikoni na jina la ukurasa ili kurasa nyingi zikae ndani ya dirisha moja. Makala haya yanakusudia kukilipa deni hilo, hasa kile kichupo chembamba kinachoonekana kwenye kompyuta za saiba, yaani maduka ya huduma za intaneti, za Eastlands wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapokimbilia kuwasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30 kupita.

Fadhila zake ndogo zinaweza kutajwa kwa haraka: hubana nafasi, humpa mtengeneza miwani riziki, na hulinda siri ya mteja kiasi kwamba hata mteja mwenyewe hawezi kujua ukurasa wake ni upi.

Fadhila yake kuu ni usawa. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamweka kila mtu sawa mbele ya sheria, jambo ambalo mahakama na bunge bado vinalihangaikia, na ambalo kivinjari cha Chrome hulitimiza mara tu kurasa zinapofika kadhaa wa kadhaa. Kila ukurasa unapoongezwa, upana hugawanywa upya kwa haki, majina marefu yakikatwa kwanza na mafupi yakifuata, hadi inabaki aikoni tupu. Na kwa kuwa kwa kawaida kurasa za tovuti moja huvaa aikoni moja, ombi la pasipoti la mfanyabiashara wa Donholm na ombi la cheti cha tabia njema la kijana wa bodaboda wa Dandora, yote yakiwa ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hayatofautiani hata kwa herufi. Hapo hakuna tajiri wala maskini, hakuna aliyelipa wala anayedaiwa, hakuna aliyefika alfajiri wala aliyejipenyeza kwenye foleni. Usawa huo hufikia kilele katika kichupo cha ukurasa unaotazamwa wakati huo, ambacho kikibanwa kabisa hunyang'anywa hata aikoni na kuachiwa ile alama ya msalaba ya kufungia. Kwa hiyo ukurasa ambao mhudumu wa saiba anauhitaji kuliko yote ndio usiotambulika, na pahali pekee pa kuushikia ndipo pahali pa kuupotezea. Wanafalsafa wamefundisha kwamba kila cha dunia hupita. Kichupo hakifundishi, huonyesha.

Ni kweli kwamba kidole kikiteleza juu ya msalaba huo, fomu iliyojazwa kwa nusu saa hutoweka, na kubonyeza Ctrl, Shift na T kwa pamoja hurudisha ukurasa lakini mara nyingi hakurudishi yaliyoandikwa, na mteja ambaye pesa zake za M-Pesa zimeshakatwa hataki kuhubiriwa usawa. Anataka fomu yake. Mhudumu naye anataka jambo dogo zaidi, yaani vichupo vipangwe kwa safu mbili au visimame wima kando ya dirisha, jambo ambalo liliwahi kuwezekana. Kwenye kivinjari cha Firefox, kiongezi, yaani programu ndogo ya kukiongezea kivinjari uwezo, kiitwacho Tab Mix Plus kiliruhusu safu kadhaa, mpaka toleo la 57 la Novemba 2017 lilipovikataa viongezi vya mtindo wa zamani. Waliosalia wakajifunza kuandika faili la userChrome.css, yaani orodha ya maagizo ya rangi, upana na mahali pa kila sehemu ya dirisha, na tangu toleo la 69 la mwaka 2019 faili hilo halisomwi mpaka mtumiaji aingie kwenye mipangilio iliyofichwa na kuliruhusu. Machi 2025 vichupo vya wima vikaletwa rasmi, vikapokewa kama uvumbuzi.

Mkazi wa Buruburu hawezi kuielewa mantiki hiyo. Mtaa wake, uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ulianza na nyumba zinazofanana, na wakazi wakaongeza vyumba, wakapandisha ghorofa na kufungua maduka mbele ya nyumba kadiri mahitaji yao yalivyokua. Wala hakuna mchoraji wa ramani aliyerudi usiku wa manane kuhamisha mlango wa jikoni kwa hoja kwamba utafiti umeonyesha watu hupenda kupitia dirishani.

Hata hivyo, mbunifu wa vivinjari ni mshtakiwa wa pili tu. Anayeuliza kwa nini saiba ya Kayole inahitaji vichupo vingi hivyo atamkuta kijana anayetafuta kazi ya umma, ambaye kwa jina la Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na uadilifu, anatakiwa kupeleka cheti cha KRA kwamba amelipa kodi, kibali cha HELB kwamba hadaiwi mkopo wa masomo, cheti cha tabia njema cha idara ya upelelezi wa jinai, DCI, kinacholipiwa shilingi 1,050, fomu ya kujieleza ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC, na ripoti ya kampuni inayotunza rekodi za mikopo. Kila mahali huulizwa upya nambari ileile ya kitambulisho ambayo serikali yenyewe ndiyo iliyompa. Hajaiba kitu, hajapata hata nafasi ya kuiba, kwa maana hajaajiriwa. Anafanywa tarishi kati ya ofisi za serikali moja, tena tarishi anayelipia nauli yake mwenyewe, kisha anaambiwa ashukuru kwa kuwa huduma sasa ziko mkononi mwake.

Kichupo chembamba kinastahili sifa zake zote, kwa sababu katika mlolongo huo ndicho pekee kilichofaulu kuziweka ofisi hizo pamoja. Siku KRA, HELB na DCI zitakapoulizana zenyewe, mhudumu wa Kayole atafunga vichupo vyake vingi bila kungoja toleo jipya la kivinjari chochote.