Mbeya kwa Miguu

Kamati ya matembezi ya hisani ilipata mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina kabla haijapata mtu wa kutembea. Nia yenyewe ilikuwa njema, kununua vitanda vya wodi ya wazazi. Njia ikachaguliwa Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita kama 830, na aliyeichagua alikuwa ameketi.

Vikao viwili vya mwanzo viliishia kwenye rangi ya fulana. Nyekundu ilipingwa na watu wa Yanga. Kijani ikapingwa na watu wa Simba, wakisaidiwa na wasiotaka mambo ya vyama. Wakakubaliana kijivu, rangi ambayo dereva wa lori haioni alfajiri.

Kikao cha tatu alialikwa dereva mstaafu aliyezeekea njia ya Tunduma. Alisikiliza ratiba ya mgeni rasmi mpaka mwisho, kisha akauliza, “Sasa wanangu, Mikumi mnapitaje?”

Kimya. Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na tembo, nyati na simba huivuka wapendapo. Katibu alishauri iandikwe barua ya kuomba kupita. Mzee akataka kujua barua hiyo atakabidhiwa simba yupi. Hata wakiivuka mbuga kwa basi, aliendelea, Kitonga inawasubiri: kona kali, mlima mrefu, malori yanapishana kwa shida, na pembeni hakuna pa kuweka mguu.

Mjumbe mmoja hakukubali. Mwalimu Nyerere, alisema kwa ukali, mwaka 1967 alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha! Ni kweli tupu. Ila mjumbe huyo alikuwa amefika kikaoni kwa bodaboda, akitokea mtaa wa pili.

Aliyemaliza ubishi ni mweka hazina, mwanamama mpole mwenye kikokotoo. Kwa kilomita 30 kwa siku, safari ingekula siku 28. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28. Hapo hakuna siku ya kuumwa, ya kufua, wala ya kurudi nyumbani. Akasoma na bajeti: fulana, kofia, muziki, turubai, chakula cha mgeni rasmi. Vitanda vilikuwa mstari wa mwisho, na mbele yake palikuwa na kistari.

Kwa hiyo sasa ni Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 190 hivi, kwa wiki moja, mvua za masika zikishakatika. Mgeni rasmi ameambiwa atembee au achangie. Makamu mwenyekiti amejiuzulu kwa sababu za kifamilia.

Nafasi bado zipo. Anayetaka kujiunga aje na viatu alivyovivaa mwezi mzima, maana vipya humpa mtu malengelenge kabla hajaiona Kibaha.