Namna ya Kusikiliza Saksafoni Bila Kuaibika

Siku moja utajikuta sebuleni kwa mtu mwenye rafu ya santuri. Atachomoa moja kwa ncha za vidole, taratibu kama anayemtoa mtoto mchanga kwenye beseni, atapuliza vumbi ambalo halipo, kisha atakugeukia na kusema, "Hebu sikiliza hii." Hapo ujue umekwisha. Huyo bwana hana haja na masikio yako. Anautaka uso wako, na atautazama kuanzia sindano inapogusa santuri mpaka inaponyanyuka.

Mwongozo huu ni wa kuuokoa huo uso.

Tutafanyia mazoezi wimbo mmoja tu, maana ukiumudu huu utapita sebule nyingi salama: "Body and Soul" kama ulivyopigwa na mpiga saksafoni Coleman Hawkins, New York, tarehe 11 Oktoba 1939. Urefu wake ni dakika tatu hivi, kwa kuwa upande mmoja wa santuri za zamani hizo ulikuwa hauchukui zaidi. Usiudharau kwa ufupi. Wajuzi wanaujadili kwa zaidi ya miaka 80 sasa na hakuna dalili ya kuchoka.

Kabla ya yote, kama umelelewa na muziki wa dansi kama mimi, neno jazz litakuponza. Kwetu jazz ni jina la bendi: Western Jazz, Morogoro Jazz, NUTA Jazz, na kule Kongo OK Jazz ya Franco. Magitaa yanazungumza, mwimbaji anamlalamikia mpenzi wake, na domo la bata, yaani saksafoni, linangoja chemko lianze ndipo liingie kwa kelele, watu wasimame. Sasa hapa hakuna chemko. Hakuna atakayekuita uwanjani. Mwenyeji akikuona unatikisa mabega, umeshafeli. Unaruhusiwa kidole gumba kimoja cha mguu, tena kikiwa ndani ya kiatu.

Uso wenyewe uuweke hivi: macho yafumbe nusu, kichwa kiegemee upande kidogo, mdomo usiwe wazi. Usihuzunike kupita kiasi, watu watadhani umepokea simu ya msiba. Ikifika mahali hujui ufanye nini, kunja uso kidogo kama mtu aliyeonja ukwaju. Uso huo unafaa wakati wowote.

Haya, muziki unaanza. Piano ya Gene Rodgers inatangulia kwa vipimo vinne, nayo ni mshenga tu: inabisha hodi, inasafisha koo, inaeleza kwamba kuna mtu nyuma anataka kusema. Usiseme "mmh" kwa mshenga. Itunze. Anayefuata ndiye mwenye shida.

Hawkins akiingia, utausikia wimbo wenyewe kwa muda mfupi, sentensi mbili tatu tu, na huo ndio mwisho wa kuonana nao. Ule wimbo ulitungwa na Johnny Green mwaka 1930 kwa ajili ya Gertrude Lawrence, mwigizaji wa Uingereza, na maneno yake ni ya mtu aliyejitoa mzimamzima kwa asiyemtaka. Umeimbwa na wengi. Katika santuri hii haimbi mtu, na sauti waliyoizoea wasikilizaji inaachwa mlangoni kama viatu. Kwa hiyo, nakuomba sana, usiulize mwimbaji anaingia lini. Mimi niliuliza. Mwenyeji wangu alinitazama kama mtu aliyetua kikombe cha chai juu ya santuri.

Kama anaacha wimbo, anapiga nini? Hapa ndipo patamu, na hapa itabidi nikufundishe jambo la kweli katikati ya hila zote hizi. Chini ya kila wimbo zimo kodi, yale mafungu ya sauti ambayo mpiga gitaa huyashika kwa vidole vyote. Si kodi za mapato, ingawa Hawkins ni mlipaji wa aina yake: kila iliyopo anailipa, na zile ambazo hakuna aliyemdai anazilipa pia. Wenzake wengi waliupiga wimbo kwa kuuzungushia mapambo. Yeye anaingia kwenye boma, anaacha kuta na rangi, anapandia kwenye nguzo na boriti. Kila kodi ikipita chini yake, anaipanda kutoka sauti yake ya chini hadi ya juu, anashuka, anarukia inayofuata, na hafiki na mikono mitupu. Hilo halikumjia usingizini. Alizaliwa St. Joseph, Missouri, mwaka 1904, akaanza na piano utotoni, kisha selo, ndipo akapewa saksafoni. Mtu aliyeanzia kwenye piano huiona nyumba nzima kwa mkupuo.

Na wimbo wenyewe una kona mbaya. Unakaa kwenye D flati, umetulia, unarudia ubeti wake mara ya pili, mara ukifika kwenye daraja, yaani kipande chake cha katikati, unapanda nusu sauti nzima hadi D. Nusu sauti! Ni kama dereva wa bajaji aliyekuwa anakupeleka vizuri tu, akakata kona kwenye uchochoro usioujua ili akwepe foleni. Unashika bomba. Kabla hujauliza, ameshaingia uchochoro mwingine, C, halafu anateremka ngazi moja moja za nusu sauti na kukutoa barabarani palepale ulipopaacha. Wapiga ala wengi wakifika daraja hilo hutazama chini. Msikilize Hawkins anavyolivuka: hapunguzi mwendo, tena anakuonyesha vichochoro vingine viwili ambavyo hata mtunzi hakuvijua. Hapa kunja uso wa ukwaju. Ndipo mahali pake hasa.

Mzunguko mzima ni vipimo 32, naye anaupita mara mbili, basi. Mara ya kwanza anaongea karibu na sikio lako. Mara ya pili wenzake wa ala za kupuliza wanajitokeza nyuma yake kwa sauti ndefu za chini, kama wazee wanaoitikia "naam" barazani, naye anazidi kupanda. Sauti inaongezeka uzito na ule mtetemo wa mwisho wa kila tamko unapanuka. Usishtuke mapema. Kosa la wanagenzi ni kusema "ebwana!" kwenye kilele cha kwanza. Vipo vingine. Subiri mpaka mzunguko wa pili ukaribie kwisha, pale anapofika juu kabisa akakaza. Toa pumzi puani, mara moja. Baada ya hapo bendi inamwachia, anashuka peke yake ngazi za mwisho, na imekwisha. Usipige makofi. Tazama sakafu. Hesabu mpaka nne. Sema, "Rudisha."

Neno "rudisha" pekee limeniletea heshima ambayo shule haikunipa.

Lakini mwenyeji akitaka mazungumzo? Kuna maneno machache ya akiba. La kwanza: kwamba kabla ya Hawkins saksafoni ya teno ilikuwa ala ya vichekesho, ya kubwekabweka na kupigapiga ulimi, na kwamba yeye mwenyewe alianza hivyo hivyo katika bendi ya Fletcher Henderson miaka ya 1920. Hilo ni kweli, na watu hupenda kusikia kwamba mkubwa fulani aliwahi kuwa kituko. La pili: kwamba alikuwa ametoka kukaa Ulaya miaka mitano, tangu 1934, akarudi 1939 na kukuta vijana wamekwishaanza kugawana kiti chake. Hakujibu kwa hotuba. Aliingia studio, akapiga wimbo huu, ukatoka kwa Bluebird, lebo ya bei nafuu ya RCA Victor, ukawa kipenzi cha wajuzi na washamba kwa pamoja, jambo ambalo mwenyewe lilimshangaza.

La tatu ni la kutumia mara moja tu kwa usiku, tena polepole: "Hawkins anapanda ngazi, Lester Young anatembea ufukweni." Halafu kunywa maji. Maana yake ni kwamba Young, mpinzani wake, alipenda mstari mrefu mwepesi unaopita juu ya kodi bila kuzikanyaga zote. Ukiulizwa wewe uko upande gani, usijibu. Ndoa zimevunjika kwa machache kuliko hayo.

Onyo moja. Ikipita saa nne usiku, mwenyeji anaweza kuleta Ben Webster, mpiga teno mwingine. Kimbia. Kwa Hawkins unaweza kuigiza, kwa sababu kuna mengi ya kufikiria, na mtu anayefikiria na mtu anayejifanya anafikiria wana uso mmoja. Webster hana hila hizo. Anapuliza sauti, sauti inaisha, pumzi inaendelea: unabaki na hewa tupu inayopita kwenye mwanzi, shhh, kama mtu anayelala chumba cha pili. Nimeona watu wazima wenye vyeo wakifuta miwani ambayo haikuwa na ukungu. Hakuna mwongozo wa hapo.

Mimi kwa hila hizi nilitamba miaka kadhaa, hadi amplifaya yangu ilipoharibika. Akaja fundi, kijana wa mtaani, na mkoba wake wa nyaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Upande mmoja hautoi sauti."

Aliufungua mgongo, akachomeka pasi ya risasi, na akaomba kitu cha kujaribia. Nikaona bahati imeniangukia. Nikamwekea Hawkins na kuanza somo: kodi, daraja, nusu sauti, Missouri, selo. Yeye kainama na pasi yake, moshi mwembamba unapanda, anaitikia "eeh, eeh" kwa adabu. Nikafikia ngazi na ufukwe. Wimbo ukaisha.

"Mzee, samahani," akasema. "Huyu anavuta pumzi wapi?"

"Anavuta... pale katikati."

"Katikati wapi? Mi' nimesikiliza, sikumsikia. Mara moja tu, pale kabla hajapandisha, kama kaiba. Mdogo wangu anapuliza tarumbeta kanisani, mstari mmoja tu unamwacha hoi."

Niliurudisha, kwa mara ya kwanza bila kusema "rudisha". Tulikubaliana kila mtu ahesabu kimya kimya kwa vidole. Fundi alifumba macho yote mawili, mdomo wazi, mabega yanacheza, kidole kimoja kinakunjika kila Hawkins anapoiba hewa. Mimi nilikosa tatu za mwanzo kwa kumtazama yeye. Zile nilizozipata zilikuwa fupi ajabu, mkwaruzo mdogo pembeni ya sauti, na nyingine hazikuwa mwishoni mwa sentensi kabisa: alikuwa anakatia hewa katikati ya neno ili amalizie bila kusimama, kama mtu mwenye habari nzito anayeogopa kukatizwa.

Hesabu zetu hazikulingana. Yake ilizidi yangu kwa mbali.

"Tuanze upya," akasema, "na wewe mzee usinitazame."

Tulikuwa tumefika darajani umeme ulipokatika. Sahani ikazunguka kidogo kwa nguvu zake yenyewe, Hawkins akazama polepole hadi sauti ya fahali, akanyamaza. Gizani nikasikia harufu ya kitambaa changu cha meza kikiungua chini ya pasi, na fundi akisema, "Hapo. Hapo alikuwa anataka kuvuta."