Bakuli la Laki Tatu

Kamati za harusi Dar es Salaam zimechoshwa na sinia. Siku hizi matunda yanaandaliwa ndani ya bakuli la barafu, waridi, asumini na vipande vya ndimu vikiwa vimegandishwa ukutani mwake kama mahabusu waliovalishwa nguo za sikukuu.

Kazi yenyewe si haba. Bakuli dogo linawekwa ndani ya kubwa, linakandamizwa kwa jiwe, kisha maji yanamiminwa kati ya mabakuli hayo mawili. Maua ni mabishi, yote hukimbilia juu. Basi unamimina kidogo, unasubiri yagande, unapanga tena, unamimina tena. Wajuzi huchemsha maji kwanza ili kupunguza hewa, barafu isifanye ukungu. Kama waridi la dukani lilipigwa dawa ya wadudu, nani atauliza, mradi picha imetoka?

Samaki wa nyumba nzima wanahamishiwa kwa jirani, friji liwe la mwali huyu wa barafu peke yake. Umeme ukikatika, mama mkubwa anasimama mlangoni pa friji: asifungue mtu!

Haki isemwe, mpishi Escoffier naye alimwandalia mwimbaji Nellie Melba mapichi kwenye bata-maji wa barafu, hotelini Savoy, London, miaka ya 1890. Ila London si Dar ya Februari.

Huku bakuli huwahi ukumbini, wageni hufuata saa tatu baadaye. Baba mkubwa akifikia shukrani, tikiti linaogelea, na shangazi aliyechanga laki tatu anaomba kijiko.