Jinsi ya Kufuga Masizi kwenye Ncha ya Nozeli

Hongera kwa gari jipya, yaani jipya kwako. Kama kwenye mfuniko wa injini pameandikwa D-4, GDI, TSI au Skyactiv-G, umepata injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ufugaji wa masizi kwenye injini ya namna hii hauna gharama za kuanzia, na mafunzo utayapata hapa.

Kwanza umjue mfugwa. Wengi wakiona bomba la moshi limekuwa jeusi huilaumu petroli iliyoungua. Wanaionea. Petroli ile imepita kwenye kitundu chembamba kuliko nusu milimita kwa presha ya bar 200 hivi, karibu mara mia ya upepo wa tairi lako, ikapasuka kuwa ukungu, ikawaka na kumaliza kazi. Mkorofi ni ile iliyobaki nyuma. Sindano ya ndani ya nozeli inapofunga, presha inakatika, na petroli ya mwisho haina tena nguvu ya kuruka. Inajikokota, inatoka nyuzinyuzi, inalowesha ncha na kubaki hapo kama utando. Hata nozeli ikiwa bado inapuliza, hewa inayozunguka pembeni mwa ukungu hurudisha vitone kwenye ncha ileile. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila nozeli hupuliza walau mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo usihofu kwamba mfugwa atalala njaa.

(Petroli ya ziada kwenye injini za aina hii ina historia ndefu. Ile Mercedes-Benz 300 SL ya 1954, yenye milango inayofunguka kwenda juu, ilikuwa na pampu iliyoendelea kupuliza baada ya dereva kuzima ufunguo, hadi injini isimame kabisa. Petroli hiyo ilisuuza oili kwenye kuta za silinda. Wakati ule hilo ndilo lililoitwa gari la kifahari.)

Adui wa utando ni joto na muda. Ukivipata vyote viwili unageuka mvuke kabla plagi haijapiga cheche, na jitihada zako zimeishia hapo. Basi unyime. Washa gari alfajiri injini ikiwa ya baridi, kanyaga mafuta papo hapo, mfikishe mtoto shule iliyo mtaa wa pili, rudi, zima. Rudia saa nane mchana. Cheche itaukuta utando ungali majimaji, na moto utaulamba polepole mahali penye mvuke mwingi wa petroli na hewa haba. Aliyekulia kwenye nyumba ya kibatari anaujua mwali huo: wa njano, mvivu, na asubuhi pua zote za nyumba ni nyeusi.

Masizi yakishashika nchani, kazi yako imepungua. Yana vinyweleo, yanafyonza petroli ya upulizaji unaofuata na kuishikilia mpaka moto uje, na moto ukija yanazaliana. Na usidhani aliye na injini ya moto amesalimika. Petroli ni mchanganyiko: iliyo nyepesi huvukiza mapema, nzito hubaki. Ncha ikipata joto kiasi kwamba karibu petroli yote iliyosalia tunduni inavukiza, hayo mazito hukauka na kung'ang'ania ukutani kama gamba. Ncha ya baridi inakupa moshi, ya moto inakupa gamba. Hili ni shamba lisilo na msimu mbaya.

Wazungu hawana subira na ufugaji huu. Tangu 2017, kwa aina mpya za magari ya jinsi hii, kanuni ya Euro 6 inaweka kikomo cha chembe bilioni 600 kwa kilomita, na kuna watu wanalipwa kuzihesabu. Ndiyo maana wakapandisha presha hadi bar 350 na kufunga chujio kwenye bomba la moshi.

Sasa dawa. Kwenye sheli utaonyeshwa chupa ndogo ya kumwaga kwenye tangi. Zipo zenye polietheramini, na hizo husaidia kweli, maana petroli iliyochanganyika nayo hupita kwenye nozeli. Ziepuke. Nunua ile inayojigamba kusafisha vali za kuingiza hewa. Kwenye injini yako petroli haizigusi vali hizo hata kidogo, isipokuwa kama ni zile zenye nozeli za aina mbili, mfano D-4S ya Toyota. Hela yako itapita kwa usalama bila kusumbua uchafu wowote.

Chupa ikishindwa, mtafute fundi mwenye waya. Tundu la nozeli mara nyingi lina ngazi mbili: la ndani jembamba lenye kupima petroli, la nje pana linalolikinga na moto. Waya mmoja unamaliza tofauti hiyo yote. "Bosi, nimezibua, sasa inapiga kama bomba," atakwambia, na anasema kweli: inapiga kama bomba la bustanini. Akirudisha nozeli, kuna pete nyeupe ya tefloni shingoni ambayo hubadilishwa kila nozeli inapochomolewa. Mwambie airudishe ileile. Gesi ya moto itapenya kando ya nozeli na kuipikia ncha yako gamba.

Baada ya hapo gari litaanza kumisi, taa ya injini itawaka, na utaamua kuuza. Futa bomba la moshi kwa kitambaa chenye petroli, kidole cha mnunuzi kisitoke cheusi. Zungusha gari mpaka lipate moto kabla hajafika. Akisema anataka kuja alfajiri aliwashe mwenyewe likiwa baridi, huyo ana fundi wake; mwambie limeshalipiwa.