Muulize Bingwa: Bendera Moja, Lugha Tano

“Bingwa, tovuti yangu ya kuuzia samaki ina Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Kitufe cha kubadili lugha nikipambe vipi?” – Muuza samaki, Kilwa.

Ndugu yangu, una bahati. Umemwandikia mtu asiyeichanganya Kilwa yako ya Ziwa Mweru na Kilwa Kisiwani, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 1981 kwa ajili ya magofu yake. Magofu yale yamedumu karne nyingi. Majibu yangu yatayazidi umri. Haya, kama ulitaka kukipamba kwa bendera, ziondoe zote. Utasema zinapendeza. Hata mimi napendeza, ila hakuna anayenibonyeza ili apate Kifaransa. Katiba ya 2006 ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imekifanya Kifaransa lugha rasmi, ikazitaja na lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Bendera yetu utaibandika kwenye ipi? Ukikipa Kiswahili ile ya Tanzania, mama wa Lubumbashi atadhani bei ni za shilingi. Dawa bora ni picha yangu kwenye kila kitufe, nimevaa suti tofauti kwa kila lugha. Ukiikosa, andika tu Kiswahili, Français, English, kila mtu alione jina la lugha yake kama anavyoliandika mwenyewe.

Kuna watakaokuambia tovuti itambue yenyewe mteja yuko wapi. Wajanja hao hawajatazama ramani. Ng’ambo ya ziwa ni Nchelenge, Zambia, ambako lugha rasmi ni Kiingereza. Simu ya Kilwa ikinasa mtandao wa Zambia, mteja huenda akamwagiwa Kiingereza akiwa amekaa kwao juu ya kreti ya samaki. Kivinjari kina adabu zaidi: kinapoomba ukurasa hutaja lugha zilizowekwa kwenye simu. Itumie habari hiyo kupendekeza tu, maana huenda aliyeziweka ni muuza simu. Mteja akishachagua, tovuti ikumbuke. Na akibonyeza Kiswahili akiwa kwenye bei ya kambale, abaki kwenye bei ya kambale, asirudishwe ukurasa wa mwanzo kama mgeni. Hili ndilo kubwa kuliko yote, nalo limekosa nafasi kwa sababu ya sifa zangu, ambazo nazo nimezifupisha. Kitufe kiweke juu, kienee kidole gumba. Ada yangu ni kambale wawili wakavu. Watume Lubumbashi na gari la kwanza.