Karani na Mkoba wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifika Ilongero kutoka Mtinko Jumamosi moja ya mwezi wa saba, na majogoo wawili, dumu la asali, na ule mkoba mweusi ambao huutoa kwa harusi na misiba mikubwa tu. Aliuweka chini, kando ya magunia ya alizeti, akaketi. Nilikuwa bado kwenye "shikamoo mama" Karani alipoingia. Akaunusa mkoba. Akaugeuzia mgongo, mkia ukasimama wima kama mlingoti wa bendera pale shuleni, ukatetemeka, na nyumba nzima ikajua kilichotokea, maana harufu ile haihitaji mtangazaji.

Mimi nimelelewa kwamba mbele ya mama mkwe mwanaume hata akiwashwa anajikuna kwa adabu. Sasa paka wangu amemkojolea mkoba, na maelezo pekee niliyokuwa nayo yalihusu sehemu za siri.

Karani tulimpata Januari, wa miezi miwili, anaenea ndani ya kofia. Panya walikuwa wametuzidi. Huku kwetu Singida ukivuna alizeti unakuwa umewaandalia panya karamu, na asiye na paka anakula hasara gunia kwa gunia. Jina alilipata kwa namna alivyokaa juu ya magunia kila asubuhi, amekunja mikono, kama karani wa ushirika anayengoja kuandika uzito. Na kazi aliifanya. Mpaka Aprili hapakuwa na panya wa kusimulia.

Mwezi Mei akabadilika. Mashavu yalijaa, shingo ikawa nene, na ikifika saa tatu usiku alikuwa mlangoni analia atolewe nje. Akirudi alfajiri, sikio limepasuka, au shavu limevimba usaha kwa meno ya shume fulani wa upande wa sokoni. Usiku wa upepo mkali (na wetu si upepo wa mchezo) sauti zao juu ya mabati zilifanana na mtoto aliyetupwa. Jirani mmoja alitoka na tochi na Biblia.

Harufu ndiyo iliyotugombanisha. Tulianza kuisikia sebuleni, kisha chumbani, na mke wangu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa haki, alimtuhumu kijana wetu wa darasa la kwanza. Mtoto alianika godoro siku nne mfululizo, majirani wakilitazama, kwa kosa lisilo lake. Siku ya tano alikuja akinivuta suruali: "Baba, njoo umuone kikojozi." Tulimkuta Karani amegeuzia mgongo daftari zangu za maandalio ya masomo.

Nikaanza kuuliza watu, na hapo ndipo nilipowajua wanaume wa Ilongero. Jirani yangu ana ng'ombe wanne wa kulimia, maksai wote, amewahasi mwenyewe wakiwa wadogo kwa sababu fahali hakubali jembe. Nilimkuta amesimama katikati yao, mkono mmoja mgongoni mwa maksai, nikamwambia nafikiria kumhasi paka. Akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Mwalimu, utamfanyia hivyo mwanaume mwenzako?" Yule maksai aliendelea kutafuna mabua.

Mwingine hakuwa na huzuni hata kidogo. Alisema niazime gambuti, nimtumbukize paka kichwa mbele, yeye atakuja na wembe, dakika moja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na hata isingekuwepo, mimi nina masikio. Nilikataa. Bwana mifugo naye, nilipomwonesha kwa vitendo jinsi Karani anavyosimama na kutetemesha mkia, alicheka mpaka akaegemea pikipiki. Alitoa koleo lake la burdizo, lile la kuminya mishipa ya ndama bila kupasua ngozi, akaliinua juu: "Hili kwa paka? Utabaki na mkia." Paka, alisema, anataka nusu kaputi na daktari wa mifugo, mjini Singida. Nikasema nitakwenda. Juni ikapita. Julai ikaingia. Ukweli ni kwamba kila nilipomtazama Karani nilimsikia jirani yangu.

Basi siku ile ya mkoba tulikaa kimya, ugali wa mtama na mlenda ukipoa mezani. Mke wangu alitazama dari. Nikaanza kuzunguka: kwamba kijana huyu amefika umri fulani, kwamba kuna shughuli tunapanga, marekebisho kidogo...

"Marekebisho gani?" mama mkwe akauliza. "Si mumhasi?"

Kijiko kilinianguka.

"Baba yake huyu mke wako alipokuwa akihasi ndama, unadhani nani alishika pembe?" Akavuta bakuli la mlenda. "Jumatatu tunakwenda. Na huo mkoba mtaufua nyinyi."

Jumatatu, tarehe 22, tulipanda Noah ya kwenda mjini, Karani ndani ya tenga la kuku, tenga mapajani mwa mama mkwe. Abiria wengine walikuwa na matenga ya kuku wa kweli wanaopelekwa sokoni. Tulipofika njiani Karani akalalamika. Kondakta akageuka: "Bibi, huyo kuku wako anaumwa nini?" Mama mkwe akamjibu kwamba anaumwa ujana.

Daktari aliuliza swali moja: amekula? Nikasema hapana, tangu jana usiku, kama nilivyoelekezwa kwenye simu. Karani akatapika dagaa. Kumbe binti yangu alimhurumia alfajiri, akampa kifungua kinywa cha kumuaga. Ukimpa mnyama nusu kaputi tumbo likiwa limejaa, matapishi yanaweza kumwingia kwenye mapafu, kwa hiyo tulikaa kwenye benchi mpaka alasiri.

Wakati tunangoja daktari alitusomesha. Paka dume hubalehe akiwa na miezi mitano au sita, wengine mpaka tisa. Homoni ya kiume humfanya azurure, apigane, na kunyunyiza mkojo ukutani, ambao kwake ni hati ya kiwanja. Harufu ile inatokana na kitu kiitwacho felinini, ambacho madume hukitoa kwa wingi. Majeraha ya kupigana hayaishii kwenye usaha, kwani kuna virusi vinavyopita kwenye kuumana na kudhoofisha kinga ya mwili. Ukimhasi mapema, tabia nyingi huisha kabla hazijawa mazoea, ingawa si kwa kila paka. Mama mkwe alitikisa kichwa kama mjumbe wa bodi.

Paka alipolala, daktari aliniomba nishike mkia. Nilishika. Nikaona wembe mdogo ukigusa ngozi, nikaona korodani la kwanza, dogo kama punje ya karanga, kisha nikaona mwembe wa uani nikiwa nimekaa chini yake, kichwa katikati ya magoti. Sikumbuki nilivyotoka. Mkia ulimaliziwa na mama mkwe. Kazi nzima haikufika robo saa, na kidonda hakikushonwa. Kwa dume, huachwa kijifunge chenyewe.

Tulimfungia ndani. Siku ya kumi alipita dirishani, usiku mmoja tu, akarudi na uso wa mtu aliyelipa deni. Kufikia Septemba alikuwa amenenepa, anakula mara mbili, ameacha kuta zetu, na panya bado anawakamata. Jirani wa maksai alikuwa akimpigia saluti ya rambirambi kila alipopita.

Tarehe 4 Oktoba jirani huyo huyo alinivuta mpaka kwenye ghala lake. Nyuma ya jembe la kukokotwa, paka wake jike alikuwa amejifungua wanne, na wawili walikuwa na kidevu cheupe cha Karani, kama wametiwa mhuri. "Si ulimhasi?" akasema, uso unang'aa. Tulihesabu kwenye kalenda yake ya ukutani. Paka hubeba mimba siku sitini na tatu mpaka sitini na tano. Tulianzia usiku wa dirisha, tukahesabu mara mbili, na mara zote mbili tukaangukia palepale. Jirani alimpigia Karani makofi.

Nilimpigia simu mama mkwe.

"Si daktari alisema ana akiba ya wiki kadhaa, msimtoe nje? Ah, wewe ulikuwa chini ya mwembe." Akanyamaza kidogo. "Madume wangapi?"

"Bado hawajulikani, mama. Ni wadogo mno."

"Watajulikana," akasema. "Hata wa kwako alijulikana kwenye mkoba wangu."