Namna ya Kukaa Chini ya Mwembe Hadi Mengineyo

Tangazo hupita jioni ya kuamkia mkutano. Pikipiki moja, kijana mmoja anaendesha, mwingine amekaa nyuma na kipaza sauti: wananchi wote mnatangaziwa mkutano mkuu wa kijiji, kesho saa nne kamili asubuhi, bila kukosa. Mbwa wa kitongoji kizima wanamjibu. Hapo hatua ya kwanza ni kuacha kuwauliza majirani kama wataenda. Kila mmoja wao anasubiri kusikia kama wewe utaenda, na mkisubiriana hivyo akidi haitimii, mkutano unaahirishwa, pampu ya kisima inabaki mbovu. Sema "nakwenda", halafu nenda.

Fika saa nne. Utawakuta watu watatu: mzee mwenye mwembe wake, mama anayefagia majani, na mtoto aliyeleta meza ya mtendaji kichwani. Mkutano wenyewe utaanza karibu na saa sita, na saa mbili hizo zina faida kuliko watu wanavyodhani. Katika kungoja huko nimejua ng'ombe wa nani anaumwa, mbegu ya mahindi iliyoota vizuri imenunuliwa wapi, na ni familia gani ina msiba ambao haujatangazwa. Mkutano ukianza, unakuwa unajua mtu anayesimama kuongea amebeba nini moyoni.

Njoo na kigoda au kipande cha khanga. Viti vya plastiki vimeazimwa kwa ajili ya wageni kutoka kata, na kila mgeni akifika kuna mwenyeji atakayeombwa kusimama. Nilimwona baba mmoja akisimamishwa mara tatu kwa asubuhi moja. Mara ya tatu alijikuta nyuma kabisa, ubavuni mwa mama muuza vitumbua, akatangaza kwa sauti kwamba kumbe siku zote alikuwa anakaa pabaya. Tangu siku hiyo hakai pengine.

Sasa, kwa nini ukae saa zote hizo kwa ajili ya mkutano? Kwa sababu mwembe ule una sheria. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu ndicho chombo kikuu cha kijiji, na wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenyekiti si mkubwa wake, na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inawajibika kwake. Unatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000. Hakuna bunge lolote nchini lenye wabunge wengi kama wajumbe wa mikutano hiyo, wala lenye kuku wanaopita katikati ya kikao bila kuzuiwa.

Ajenda ya kukaa nayo macho ni taarifa ya mapato na matumizi. Mtendaji ataisoma haraka, kwa sauti moja, kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Usisinzie. Miaka kadhaa nyuma tulisomewa taarifa ya miezi mitatu: ushuru kiasi hiki, michango kiasi hiki, matengenezo ya ofisi, usafiri, shajala shilingi 340,000. Watu wakatikisa vichwa kama wameelewa. Mimi pia nilinyamaza. Ndipo yule mama wa vitumbua akasimama, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Shikamoo mwenyekiti. Mimi nataka kumjua huyu Shajala ni nani. Kila taarifa namsikia analipwa, na hapa kijijini simwoni."

Tulicheka mpaka mzee mmoja akadondoka kwenye mzizi. Mwenyekiti alicheka, mtendaji naye akacheka. Kicheko kilipotulia, swali lilikuwa bado limesimama pale pale, na mama naye bado amesimama. Mtendaji ikabidi aeleze kwamba shajala ni vifaa vya kuandikia: karatasi, kalamu, wino. Mama akauliza kwa upole kabisa karatasi ngapi, maana yeye ana watoto watatu shuleni na bei ya daftari anaijua. Risiti zikaombwa. Zilizoletwa hazikufika hata nusu ya fedha ile. Katika taarifa iliyofuata, shajala ilikuwa imeandikwa kwa mstari mmoja mmoja, rimu kwa rimu, na hesabu yake imepungua sana.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Wengi wetu tulikuwa hatujui maana ya shajala, na tuliona aibu kuuliza mbele ya wageni wa kata. Yeye hakuona aibu, na kicheko alichokiibua kilimlinda kila mtu: mtendaji hakuitwa mwizi mbele ya watoto wake, kijiji kikapata hesabu yake. Kwa hiyo, ukisikia neno usilolijua likiambatana na fedha, simama uliulizie. Watu wakicheka, cheka nao, ila usikae mpaka ujibiwe.

Kama huna ujasiri huo, tafuta mtani. Utani ni hazina tuliyoachiwa na wazee, na sioni kwa nini tuitumie misibani tu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na leo wajukuu wao wakikutana hutaniana kwa maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atashitakiwa. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alikuwa Mhehe. Pampu ilikuwa imekufa mwaka mzima, na kila aliyesimama kuiongelea alianza kwa kushukuru uongozi hadi akasahau alichosimamia. Mzee mmoja Mngoni akainuka na fimbo yake: "Mtani, mababu zetu walishindwa kuwamaliza ninyi kwa mikuki. Sasa wewe unataka kunimaliza mimi kwa kiu?" Mwenyekiti alishika kichwa kwa kucheka. Hakuweza kukasirika, mila haimruhusu. Lakini hakuweza pia kukwepa, na palepale akataja tarehe ya fundi. Fundi alikuja siku mbili baada ya tarehe hiyo.

Zamu yako ya kuongea ikifika, anza na jambo lenyewe. Ukimsikia mtu anafungua kwa "mimi sitasema mengi", jitengeneze vizuri kwenye kigoda chako. Msikilize hata hivyo. Mzee mmoja wa kwetu huanzia mwaka 1975, vijiji vya ujamaa vilipowekewa sheria ya kuandikishwa, na vijana huguna akishika njia hiyo. Lakini ni yeye aliyekumbuka mpaka wa shamba la shule umepita wapi, siku ambayo hati ilikuwa haionekani.

Kuhusu kupiga kura ya mikono: inua mkono mmoja, juu, na uushikilie mpaka uhesabiwe. Anayehesabu huchanganyikiwa na mengi. Kuna watoto waliopanda mwembeni nao wananyoosha mikono, kuna anayempungia rafiki yake, kuna mama aliyenyanyua mtoto badala ya mkono. Hesabu irudiwe hata mara tatu, hakuna ubaya. Tunapoamua juu ya ardhi, mkono mmoja ni mzito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Na ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, kama eneo halizidi hekta 250, mkutano huo huo ndio wa kukubali au kukataa. Hekta 250 ni zaidi ya viwanja 300 vya mpira. Mikono yenye uwezo huo ndiyo hii iliyotoka kupalilia asubuhi.

Vilevile soma kichwa cha karatasi kabla ya kutia sahihi. Karatasi ya mahudhurio iandikwe kwamba ni ya mahudhurio, pamoja na tarehe na ajenda, ili isije kugeuzwa siku nyingine kuwa karatasi ya kuridhia. Kama huoni vizuri, mpe mtoto wa shule akusomee kwa sauti. Watoto hufurahia sana kazi hiyo, na husoma hata yale ambayo mtu mzima angeyaruka.

Kisha inakuja ajenda ya mwisho, mengineyo. Saa tisa imepita, njaa inauma, wageni wa kata wameshaondoka na viti vinarudishwa. Hapo ndipo nakuomba usiondoke. Mambo makubwa yameandikwa katika ajenda tangu ofisini. Mambo ya watu yanangoja mengineyo, maana hayana mtu wa kuyaandika. Mwaka mmoja, tukiwa tumebaki kama ishirini, alisimama mjane mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akiongea mkutanoni. Alisema daraja la miti la kwenda shule limebaki nguzo mbili, na mjukuu wake juzi alitumbukia mtoni, akatolewa na wachunga mbuzi. Alisema sentensi hizo mbili akakaa.

Hakuna aliyecheka, wala aliyetaka kamati iundwe. Tukakubaliana Jumamosi, kila aliyepo alete nguzo moja na kifaa alichonacho. Walikuja kumi na tisa. Wa ishirini alimtuma mwanawe na nguzo mbili pamoja na salamu kwamba mgongo unamuuma. Yule mzee Mngoni akaomba simu, akampigia huyo wa ishirini, ambaye ni mtani wake, akaongea naye kwa muda huku sisi tukishika mbavu. Saa tano tukamwona anateremka kilima, mkono mmoja kiunoni, mwingine umebeba nyundo.